Dawa ya Wenye Hisa

Siku ya kuniaga, vijana wa kliniki waliniomba niwaandikie kidogo juu ya kazi ya zamani. Nadhani walitaka vya kuchekesha: sindano za kioo, stovu ya kupampu, chupa za dawa ambazo wagonjwa walikuja nazo kutoka nyumbani zikiwa bado zinanuka chang'aa. Nitavitaja. Vyeo na mishahara nitaviruka, maana vyote vilikuwa vidogo na vilichelewa. Lakini siwezi kuwaeleza kazi yangu bila kuwaeleza woga. Miaka ya mwanzo niliifanya nikiogopa karibu kila asubuhi, na kuna msimu mmoja wa mvua niliogopa hadi nikawa natapika kabla ya kutoka nyumbani.

Mimi ni mtoto wa nyumba za reli hapa Nakuru. Baba alitoka Bungoma kuja kutengeneza mabehewa, na sisi tukazaliwa hapa na kusomea hapa. Nilipomaliza mafunzo ya unesi, mwaka uliofuata uhuru, wasichana wenzangu walipewa wodi za mjini. Mimi nilipelekwa juu ya Molo, kwenye shamba la mzungu la pareto, ambako kulikuwa na zahanati ya wafanyakazi. Nilipanda lori la viazi lililokuwa likirudi tupu. Kadiri tulivyopanda ndivyo baridi ilivyozidi, na tulipofika ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba sikuiona zahanati mpaka nikagusa ukuta wake.

Aliyenipokea ni Mzee Kiplagat, dressa wa pale, yaani mfunga vidonda. Alikuwa amehudumia majeruhi jeshini wakati wa vita vya wazungu, na tangu arudi hakuwahi kufanya kazi nyingine. Hakuniuliza cheti. Alitazama mikono yangu, akaona ni safi, akaridhika. Kabla sijaweka begi chini walikuja watu wawili wamembeba mwenzao aliyejikata mguu kwa panga hadi mfupa ukaonekana. Mzee akanipa kitambaa, akaniambia nikandamize juu ya jeraha. Mikono yangu ilikuwa inacheza kama ya mlevi.

"Naogopa, Mzee," nikamwambia.

"Tetemeka baadaye," akasema. "Sasa shika."

Nilishika. Baadaye nikaenda nyuma ya zahanati nikatetemeka kama nilivyoagizwa.

Nyinyi mnafungua sindano kutoka kwa karatasi, mnachoma, mnatupa. Sisi tulikuwa na chache za kioo, na tulizichemsha kila siku kwenye sufuria juu ya stovu ambayo ilizimika kila upepo ukipita chini ya mlango. Ncha za sindano zilikuwa zinakuwa butu, kwa hiyo Mzee alizinoa kwa jiwe laini, kisha akazivuta juu ya pamba. Ikishika uzi mmoja wa pamba, ananoa tena. Alisema uzi ule ni nyama ya mtu. Dawa ya zambarau tulipaka kila kitu: vidonda, midomo, vidole, na mara moja, kwa bahati mbaya, mbwa wa mwenye shamba. Sheria ya Mzee ilikuwa moja. Tibu kwanza, uliza baadaye. Ukishauliza kwanza, alisema, utapata sababu ya kutotibu.

Mwenye shamba tulimwita Bwana Kofia, kwa sababu hakuna aliyewahi kukiona kichwa chake. Kila Jumatatu alipanga wafanyakazi mstari, akagawa unga, chumvi, na kila mwaka blanketi. Aliyelewa au kujibu hakupata blanketi. Siku moja alisimama mlangoni pa zahanati akatueleza, bila kuulizwa, kwamba huko kwao babu ya babu yake alizaliwa katika nyumba ya maskini, mahali ambapo mtu alivunja mawe kutwa ndipo apewe uji.

"Mimi hapana taka hiyo," alisema. "Lakini watu ni kama toto. Pewa chakula, pewa dawa, pewa kali kidogo."

Alipoondoka nilimuuliza Mzee anaonaje. Alikuwa ananoa sindano.

"Kwetu zamani," akasema, "mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote kwake. Mmoja kwa huyu, wawili kwa yule hana kitu. Yule anakunywa maziwa, ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Ugonjwa ukiingia boma moja, haumalizi mali yote."

"Ilikuwa huruma?"

"Ilikuwa akili. Huruma inachoka haraka."

Niliishi hivyo miaka kadhaa, nikimwogopa Bwana Kofia na kumtegemea, kama kila mtu pale. Halafu akauza. Alitangaza siku ya Jumatatu, mbele ya mstari wa unga. Kuna waliocheka, na kuna mama mmoja aliyeketi chini akashika kichwa.

Walionunua ni kampuni ya watu waliochangishana hisa. Wakurugenzi wengine walikaa Milimani, mtaa wa matajiri Nakuru, na walikuja Jumapili kwa gari kutazama mashamba kupitia dirishani. Mwenyekiti hakuwa hivyo. Bwana Ezekieli alikuwa karani wa ghala mjini miaka mingi, na aliihamia nyumba ya mbao pale pale shambani, akalima kwa mkono wake. Nawaambia haya ili msije mkamwona kama jitu la hadithi. Alikuwa mtu mnyofu, mwembamba, mwenye koti moja. Ndiyo maana niliogopa zaidi, kwa sababu alichosema alikiamini.

Aliita baraza mbele ya kiwanda cha kukaushia pareto. Wenye hisa walikaa kwenye viti, wafanyakazi wa zamani wakasimama.

"Ndugu zangu," akasema, "mzungu alitupa blanketi. Ni nani hapa alikuwa mtu mzima ndani ya blanketi ya kupewa? Kitu cha bure kinakurudisha utotoni. Sisi tumenunua. Kuna aliyeuza ng'ombe wake wa pekee. Kuna aliyelala njaa Nakuru mjini ili aweke sheya. Nikimpa asiyeweka kitu sawasawa na aliyeweka, huyo aliyelala njaa nitamwambia nini?"

Wenye hisa wakapiga makofi. Nami nilikuwa karibu kupiga. Nilimkumbuka baba yangu akirudi nyumbani na mikono imepasuka, na nikaona mwenyekiti anasema kweli.

Kisha akasema kwamba zahanati, shule na maji ya mfereji ni ya wenye hisa na jamaa zao, na kwamba wasio na hisa wawe wameondoka kwenye nyumba za wafanyakazi kabla ya kupanda. Hapo akasogea mbele Nyaboke, mchumaji wa pareto kutoka Kisii, mjane, mtoto wake wa mwisho, Moraa, akiwa mgongoni.

"Bwana mwenyekiti, mimi nimechuma pareto hapa tangu nikiwa msichana. Mgongo wangu uko ndani ya hii shamba. Hiyo si sheya?"

"Mama, ulilipwa."

"Nililipwa ya kula. Sikulipwa ya kununua."

Wengine walicheka, lakini kicheko kilikufa upesi. Mwenyekiti hakukasirika. Akasema, "Mama, nikikubali hiyo, nitakubali ya wote," akaendelea na ajenda.

Kesho yake mlango wa zahanati ulipata bawabu. Aliitwa Joeli, kijana wa kampuni, mabega mapana, rungu mkononi. Mwenye hisa alionyesha kadi, akaingia. Asiye na kadi alirudishwa. Mshahara wangu sasa ulitoka kwa kampuni, lakini leseni yangu ilikuwa ya serikali, na kila mama aliyerudishwa na mtoto wake alinitazama juu ya bega la Joeli kama kwamba mimi ndiye niliyeshika rungu. Mzee Kiplagat hakuwa na hisa pia. Wenye hisa waliambiwa wamshukuru, wakamshukuru, akachukua sanduku lake la bati na jiwe lake la kunolea akaenda kukaa kwa mwanawe, upande wa pili wa barabara.

Waliofukuzwa hawakwenda mbali, maana hawakuwa na pa kwenda. Walijenga vibanda vya magome ya mbao kando ya msitu, kwenye kipande cha kiwanja cha kiwanda cha mbao. Mwenye kiwanda alikuwa Kalasinga mmoja mzee, Bwana Gurdial, aliyezaliwa Nakuru kama mimi. Hakuwafukuza, na wengi aliwapa kibarua kiwandani. Kila Jumapili alipika dengu na chapati katika sufuria ambayo mtu angeweza kuogea, na yeyote aliyepita alikula, akikaa chini kwenye maranda pamoja na yeye mwenyewe, mke wake na dereva wake.

"Dini yetu inasema fanya kazi kwa mkono yako, kumbuka Mungu, halafu gawa," aliniambia. "Na ukigawa, wote chini, sahani sawa."

"Chakula chako ni tamu, Singh," Nyaboke akamwambia kutoka upande wa pili wa sufuria, "lakini mshahara wako ni mbaya."

Gurdial alicheka hadi kilemba kikalegea. Mshahara hakuuongeza.

Kila jioni kabla ya jua kuzama nilitoka kazini nikapitia kambini, mikono mitupu, kwa kuwa Joeli alipekua mfuko wangu. Nilisafisha vidonda kwa maji ya chumvi. Nilijua ninaonekana. Siku moja nilikuta, mbele ya nyumba yangu, mlango wangu umeng'olewa bawaba zake na kulazwa chini, taratibu, umenyooshwa kama maiti. Ndani hakukuguswa kitu. Hata kikombe kilikuwa mahali pake. Nilisimama nje nikitazama ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na sikuweza kuingia. Wangevunja vyombo ningelia, nikafagia, nikalala. Lakini ule utaratibu wao ulinifanya niegemeze kiti mlangoni kila usiku kwa miezi.

Mvua ndefu zilipoanza, surua ikaingia kambini. Ilianza kwa mtoto mmoja mwenye macho mekundu na kikohozi, na baada ya juma moja ilikuwa katika kila kibanda cha pili. Nyinyi wa siku hizi mmeisoma surua vitabuni. Niaminini ninapowaambia kwamba kwa mtoto aliyekonda, anayelala kwenye gome lenye unyevu, katika baridi ya Molo, surua ni kitu cha kuogopa. Inaingia kifuani. Inaziba macho. Chanjo ilikuwa imeanza kufika hospitali kubwa, lakini kwetu haikuwa imefika. Mzee Kiplagat alileta sanduku lake la bati. Ndani mlikuwa na marhamu ya macho, vidonge vichache, na penisilini ya kutosha watoto wachache tu.

Sheria ya kazi ilinitaka nipeleke taarifa wilayani. Nilikuwa najiandaa kufanya hivyo mwenyekiti alipokuja zahanatini, akamwambia Joeli asogee.

"Sista Peris, nasikia kambi ina ugonjwa."

"Ndiyo, Bwana mwenyekiti. Surua. Nipe ruhusa nitoe dawa."

"Fanya hivi. Peleka taarifa kwamba ile kambi ni hatari kwa afya ya watu wote hapa. Ukisema wewe, mtu wa serikali, watakuja kuiondoa. Vibanda vitachomwa, watu watachukuliwa kwa lori."

"Wapelekwe wapi?"

"Walikotoka."

"Wengine wametoka hapa."

Alifunga vifungo vya koti lake. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa ushauri, "Vijana wana hasira, Sista. Wanajua unapita kule. Mimi siwezi kuwa kila mahali."

Alipoondoka niliketi sakafuni nyuma ya kabati la dawa. Nikipeleka taarifa, wanachoma kambi, na watoto wenye homa wanapandishwa lori wazi kwenye mvua. Nisipopeleka, sipati dawa na watoto wanakufa pale walipo. Nilitafuta mlango wa tatu katika kichwa changu na sikuuona. Nilitamani baba anipeleke nyumbani.

Nilikwenda kwa Mzee Kiplagat. Nilimkuta anakamua ng'ombe wa mwanawe, na nikamweleza yote nikiwa nimesimama kwenye matope.

Hakuacha kukamua. "Ng'ombe wakipata ugonjwa wa miguu na midomo, serikali inafanya nini?"

"Inaweka karantini."

"Ng'ombe anaweza kutolewa?"

"Hapana. Haingii, hatoki."

"Hata mwenyewe akitaka kumuuza?"

"Hata mwenyewe."

Basi akanitazama. Mimi nilikuwa bado sijaelewa, nawaambia kweli. Ilibidi amalize chuchu ile ndipo nikaelewa.

Asubuhi yake tulipanda lori la mbao la Gurdial kwenda Nakuru. Nilijilaza kati ya mbao tulipopita lango la shamba, na nilimsikia Joeli akimsalimia dereva, na dereva akijibu kwa sauti kubwa kupita kiasi. Mzee alikaa mbele wazi wazi, amevaa koti lake la jeshi. Nani angemshuku mzee anayekwenda mjini?

Daktari mkuu wa wilaya alikuwa Mkenya mwenzetu, mgeni kazini, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alisikiliza, akashika kipaji cha uso.

"Dada, nikitangaza ugonjwa, mkuu wa wilaya atawahamisha. Ndivyo wanavyofanya. Wanasema wanasafisha."

"Tangaza ugonjwa pamoja na karantini, Daktari. Asiingie mtu, asitoke mtu. Hata kwa lori."

"Hiyo tunafanyia mifugo."

"Basi tufanyie watu hivyo hivyo," Mzee akasema kutoka kwenye kiti cha pembeni.

Daktari aliinuka akaenda dirishani. Nilijua anapima nini, maana nami nilikuwa nimekipima: wakurugenzi wa Milimani walikuwa na simu, na yeye alikuwa na kazi yake. Mwishowe alisema atafanya, lakini kwa sharti. Hawezi kufunga kambi yenye wagonjwa bila mhudumu ndani yake. Mhudumu huyo angeingia na kutotoka hadi karantini iishe.

Surua sikuiogopa, niliiugua utotoni. Niliogopa kuwa ndani ya kamba ya karantini, nikijulikana nilipo usiku na mchana, na vijana wa rungu nje yake. Nilitaka kusema nitafikiria. Nilisikia sauti yangu ikisema, "Nitaingia."

Tulirudi na bwana afya, askari wawili, na sanduku la dawa ambalo sijawahi kuona zuri kama lile. Kamba ilifungwa kutoka mti hadi mti kuzunguka vibanda. Siku ya pili likaja lori la kampuni, na mwenyekiti, na vijana. Walikuwa wengi kuliko nilivyofikiria. Walishuka kimya, wakajipanga nyuma ya mwenyekiti.

"Hakuna kuingia, hakuna kutoka," askari mmoja akasema. Alikuwa kijana mdogo.

Mwenyekiti alisogea hadi kifua chake kikagusa kamba. Mimi nilikuwa nachemsha sindano juu ya mawe.

"Sista, umenifunga," akasema.

"Nimefunga ugonjwa, Bwana mwenyekiti."

"Usinichezee. Unadhani mimi sina roho? Nimezaliwa maskini kuliko hawa. Hakuna mtu alinipikia dengu. Najua mnasemaje: yule Singh ni mwema, mzungu alikuwa mwema, mimi ni mbaya. Lakini hao wawili waligawa kilichobaki. Mimi nimepewa shamba ambalo halitoshi hata walionunua. Nikilegeza hapa, watu wangu wataanza kuuliza sheya zao ni za nini. Unajua watanifanya nini?"

Hapo nikaona kwamba uso wake ulikuwa na jasho kwenye baridi ile. Aliwatazama vijana nyuma yake kama nilivyokuwa nawatazama mimi. Nilimwambia tu, "Maji yamechemka," nikageuka, kwa sababu yalikuwa yamechemka kweli na kulikuwa na watoto wanangoja.

Jiwe moja lilirushwa, likapiga sufuria. Askari mdogo akapiga ukelele. Mwenyekiti aliinua mkono, na baada ya muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana, wakapanda lori.

Sitaeleza kila siku ya karantini. Tuliwafunika watoto, tukawanywesha uji kijiko kwa kijiko, tukapaka macho, tukachoma penisilini waliokuwa na kifua. Mzee Kiplagat, ambaye hakulazimika kuingia, aliingia, akanoa sindano mvuani chini ya gunia. Vijana walikaa mlimani kutwa wakitutazama. Wakati mwingine waliimba. Kila walipoanza kuimba nilihesabu watoto wangu tena.

Wengi walipona. Moraa hakupona. Alikuwa ameanza kupata nafuu, ameomba chapati, halafu kifua kikamrudia, na asubuhi moja akapumua kwa shida juu ya mapaja ya mama yake hadi akaacha. Nyaboke hakulia mbele yetu. Alinirudishia kijiko cha uji kikiwa kimeoshwa. Gurdial alileta mbao za jeneza zilizopigwa randa laini, akazipitisha chini ya kamba kwa mikono yake, na machozi yalikuwa yanamtoka kwenye ndevu. Mwisho wa mwezi alikata mshahara wa mafundi walioacha kazi kuchimba kaburi nje ya kamba. Nimemfikiria mtu huyo miaka yote hii na bado simwelewi.

Jambo moja ambalo sikulitarajia ni wanawake wa wenye hisa. Walianza kuja hadi kwenye kamba, mmoja mmoja, wakati vijana wameshuka kula. Waliacha maziwa, viazi, kuni kavu. Mmoja aliniambia bila kunitazama, "Usiseme ni mimi." Nilimuuliza jina ili nimshukuru, akakimbia.

Mmewahi kuniuliza, katika mazungumzo ya chai, ni nani hasa ana wajibu juu ya maskini: serikali, kanisa, tajiri, jamaa, au maskini mwenyewe. Mimi niliwaona watu wanne wenye majibu manne, na kila mmoja alimlisha mtu na kumwacha mwingine nje. Ningekuwa na jibu la tano ningewapa. Nina habari ya siku ya mwisho tu.

Karantini ilipofunguliwa, watu wa kambi hawakungoja lori la mwenyekiti. Walikuwa wamekubaliana watembee hadi Molo mjini wapande gari la moshi. Wengine walikuwa na ndugu Kisii, wengine walikuwa wamesikia kuna vyumba vya bei ndogo Kaptembwo, kule Nakuru. Nyumba zao zilikuwa zimepata wenyewe wengine, na hakuna aliyetaka kubaki mahali alipozika. Mimi na Mzee tulitembea nao, na sanduku la dawa kati yetu, kwa kuwa watoto wengine walikuwa bado dhaifu.

Barabara inapita kati ya kingo mbili za udongo mwekundu kabla ya kufika lango la shamba. Juu ya kingo walikuwa vijana, huku na huku, na rungu zao. Hapakuwa na askari tena. Walikuwa wameondoka na kamba. Mzee alitangulia bila kubadilisha mwendo. Mimi nilimfuata. Nilisema moyoni, wakianza, nitamfunika mtoto aliye karibu. Nilishachagua ni mtoto yupi.

Joeli aliteremka ukingo akasimama katikati ya barabara. Rungu lilikuwa mkononi. Mzee akasimama. Watu wote nyuma yetu wakasimama, na nikasikia mama mmoja akianza kuomba kwa sauti ya chini.

Joeli alinijia mimi. Alikuja karibu hadi nikaona kwamba hakuwa amenyoa siku nyingi.

"Sista," akasema. "Mtoto wangu macho imekuwa nyekundu. Tangu jana. Anakohoa. Mama yake anasema hataki kunyonya." Aligeuka kutazama nyumba za wafanyakazi. "Zahanati imefungwa. Mwenyekiti ameenda Nakuru na ufunguo. Nimlete lini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa pigo, na mwili wangu haukujua la kufanya.

"Ana umri gani?" Mzee akauliza.

"Hajafika mwaka."

Mzee akaweka sanduku chini, akaketi juu ya ukingo, akaanza kutafuta jiwe lake la kunolea mfukoni. Nikamwambia Joeli, "Mlete sasa hivi. Tunangoja."

Aliangusha rungu akakimbia kuelekea nyumba za wafanyakazi. Wingu lilikuwa limeanza kushuka kutoka msituni, na gari la moshi la Molo halingoji mtu. Niligeuka kuwatazama watu wa kambi, nikijua nimemwahidi Joeli muda ambao si wangu. Walikuwa na safari, na walikuwa na kila haki ya kutupita.

Nyaboke ndiye aliyekuwa mbele. Alinitazama, akatazama kule alikokimbilia Joeli. Kisha akainama, akaushusha mzigo wake kutoka mgongoni, akaulaza kando ya barabara, akafungua blanketi lililokuwa juu yake na kulitandika kwenye nyasi, mahali pa kumlaza mtoto.